Roger Ascham: Msomi Aliyeandika Upinde kwa Lugha ya Fundi

Mwaka 1545 mwanazuoni mmoja wa Cambridge alitoa kitabu chake cha kwanza. Jamaa alikuwa bingwa wa Kigiriki, na Kilatini chake kilisifiwa hadi nje ya Uingereza. Wenzake wangetegemea aandike juu ya falsafa ya Wagiriki, tena kwa Kilatini. Yeye akaandika juu ya upinde: mti wake, upote wake, namna ya kuununua kwa fundi na namna ya kuuvuta. Na akaandika kwa Kiingereza.

Leo hilo halishtui mtu, maana Kiingereza ndicho kinachotutoa jasho kwenye mitihani. Lakini enzi zile Kiingereza kilikuwa lugha ya sokoni, shambani na karakana. Usomi ulikuwa Kilatini. Ebu fikiria mhadhiri wa leo anapeleka mbele ya jopo la maprofesa andiko la Kiswahili kuhusu kazi ya seremala, na anataka lipokewe kama usomi kamili. Hapo ndipo aliposimama Roger Ascham.

Alizaliwa yapata mwaka 1515 katika kijiji cha Kirby Wiske, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa msimamizi wa mali za kabaila mmoja. Roger akalelewa nyumbani kwa mwanasheria Sir Humphrey Wingfield, pamoja na watoto wengine. Mzee huyo aliwawekea mwalimu wa vitabu, ila mishale aliwafundisha mwenyewe. Kila aliposafiri kwenda London alirudi na pinde na mishale. Aliyelenga vizuri alipata upinde bora kuliko wote, na aliyeboronga alichekwa na wenzake mpaka ajirekebishe.

Mwaka 1530 akaingia Chuo cha St John's, Cambridge, akiwa na miaka kama 15. Mwaka 1534 akapata shahada yake ya kwanza na kuingizwa miongoni mwa wanazuoni wa chuo hicho. Akafundisha Kigiriki. Upinde hakuuacha, na maneno yakaanza: huyu anatumia muda mwingi mno uwanjani, atasoma saa ngapi? Ascham alikuwa na jibu. Afya yake ilikuwa dhaifu, na homa zilimlaza mara kwa mara. Aliamini kwamba mtu anayeinamia vitabu kutwa nzima anahitaji mchezo unaonyoosha mgongo, unaochezwa mchana peupe, usio na kete wala karata. Mtu yeyote aliyewahi kukesha wiki ya mitihani anamwelewa.

Jibu hilo ndilo likawa kitabu, *Toxophilus*. Ni mazungumzo ya watu wawili, mmoja mpenda upinde na mwingine mpenda vitabu. Sehemu ya kwanza inautetea upinde. Sehemu ya pili inafundisha, na hapa ndipo Ascham anapoonyesha kwamba alikuwa amekaa na mafundi na kuwasikiliza.

Kwanza, mti. Upinde mrefu wa Kiingereza ulio bora hutoka kwenye mti uitwao yew, wa nchi za baridi. Ubao wake una tabaka mbili. Karibu na gamba kuna mti mweupe, unaostahimili kuvutwa. Ndani kuna kiini chekundu, kinachostahimili kubanwa. Fundi huchonga upinde ili weupe uwe mgongoni, upande wa kule anakolengwa adui, na kiini kiwe tumboni, upande wa mpiga mishale. Upinde ukipinda, mgongo unanyooshwa na tumbo linakandamizwa, na kila tabaka linafanya kazi linayoiweza. Mti umeshaleta viungo vyote viwili. Kazi ya fundi ni kutoviharibu.

Ascham anaeleza kuwa kipande cha tawi kina vifundo na ni dhaifu, kinawafaa watoto na wanaoanza. Mche mchanga ukikua safi unaweza kutoa upinde mzuri. Lakini bora kabisa ni gogo la mti uliokomaa, lisilo na kifundo, lenye mti mgumu ulioshiba. Ukiununua upinde, usiuweke ukutani kwanza. Upige, uangalie unapinda zaidi wapi, kisha urudishe kwa fundi aukwangue hadi upinde kwa mviringo mmoja. Hiyo ndiyo roho ya kazi yote: kukwangua kidogo, kupinda kidogo, kutazama, kukwangua tena. Sehemu ngumu hupunguzwa, sehemu laini huachwa. Ukikwangua kwa pupa sehemu moja, hapo ndipo utakapovunjika. Hata upote anauonya: ukikatika wakati umevutwa, mara nyingi huondoka na upinde wenyewe.

Upepo nao alijifunza kwa macho. Siku moja akiwa safarini huko Yorkshire, juu ya farasi, aliona upepo ukipeperusha theluji juu ya ardhi. Theluji ilimwonyesha kisichoonekana: upepo hauji kama ukuta mmoja, unakuja kwa mikondo, huku unakimbia, pale umetulia. Msomi wa Kigiriki akakaa juu ya farasi akisoma theluji, halafu akawaandikia wapiga mishale alichokiona.

Sasa kwa nini Kiingereza? Ascham alikiri kwamba Kilatini kingekuwa rahisi zaidi kwake na kingemjengea jina. Lakini waliokuwa wanashika upinde hawakusoma Kilatini. Kuna sababu nyingine unayoiona ukisoma kazi yake: maneno ya kazi ile yalikuwa tayari yapo, midomoni mwa mafundi. Mgongo wa upinde, tumbo lake, namna unavyougua na kupasuka, vyote vilikuwa na majina. Kwa Kilatini angelazimika kubuni. Kwa Kiingereza alitakiwa tu kusikiliza.

Kamari yake ikalipa. Mfalme Henry VIII alikipokea kitabu huko Greenwich na kumpa posho ya pauni 10 kwa mwaka. Mwaka 1546 akawa msemaji rasmi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1548 akawa mwalimu wa binti wa mfalme, Elizabeth, ambaye baadaye alikuja kuwa malkia. Baadaye alikuwa katibu wa barua za Kilatini kwa Malkia Mary Mkatoliki, kisha kwa Elizabeth Mprotestanti. Katika zama ambazo dini iliweza kumpeleka mtu kwenye moto, yeye alipita salama.

Hakuwa malaika. Mtu aliyeandika vikali dhidi ya kete anasimuliwa kuwa mwenyewe alipenda kete na kupiganisha majogoo, na kwamba hayo ndiyo yaliyomwacha maskini. Alifariki tarehe 30 Desemba 1568. Kitabu chake cha pili, kinachopinga walimu kuwajaza wanafunzi hofu ya fimbo, kilitolewa na mjane wake, Margaret, mwaka 1570.

Upinde hakuuokoa. Bunduki zilikuwa zimeshafika, na kufikia mwaka 1595 serikali ya Uingereza iliacha kuukubali upinde kama silaha ya wanamgambo wake. Ila Julai ya mwaka uleule wa *Toxophilus*, meli ya kivita ya mfalme, Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth. Ilipochimbuliwa baharini karne ya 20, zilitoka pinde nzima zaidi ya 130, nyingi zikikaribia urefu wa mita 2. Ni pinde nzito hasa. Uzito wa upinde ni nguvu ya kuuvuta, na hizi zinakadiriwa kuhitaji nguvu sawa na kunyanyua kilo 45 hadi zaidi ya 80. Mafundi wa leo wanaojaribu kuzichonga upya wana vitu viwili mkononi: miti iliyotoka majini na maneno ya Ascham. Miti peke yake isingewaambia fundi alikuwa anawaza nini.

Kiswahili nacho kina maneno ya kazi hii: upote, wano, chembe, podo. Mashariki mwa Kenya, Wawaata wa Tsavo walijulikana kwa pinde nzito walizowindia tembo. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja sehemu nne za mshale kwa lugha tunayoongea kantini? Tasnifu zetu nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo kanuni, na kanuni ina sababu zake. Lakini fundi wa mitumbwi, mwashi wa chokaa na mfua vyuma hawatazisoma, na maneno yao hayatakuwemo. Ascham alijua Kilatini kuliko wote waliomcheka, na bado akaenda kwa fundi na daftari. Kama bumu limeingia na una wikiendi huru, karakana iliyo jirani na hosteli yako haitozi ada.