Agner Krarup Erlang

Agner Krarup Erlang (Lønborg, 1 Januari 1878 – Kopenhagen, 3 Februari 1929) alikuwa mwanahisabati kutoka nchini Denmark. Anajulikana kama mwanzilishi wa nadharia ya foleni, yaani tawi la hisabati linalochunguza jinsi watu wanavyosubiri huduma na idadi ya watoa huduma wanaohitajika.

Maisha

Alizaliwa katika kijiji cha Lønborg, rasi ya Jutland. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji na karani wa parokia. Akiwa na umri wa miaka 14 alifaulu mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Kopenhagen, kwa kibali maalumu kwa sababu alikuwa bado mdogo. Kisha alirudi nyumbani, akawa mwalimu msaidizi katika shule ya baba yake kwa miaka 2.

Mwaka 1896 alijiunga na chuo hicho kwa ufadhili wa masomo, akahitimu mwaka 1901 katika hisabati. Kwa miaka 7 iliyofuata alifundisha shuleni. Kupitia chama cha wanahisabati alikutana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Kopenhagen. Mwaka 1908 Erlang aliajiriwa na kampuni hiyo, akaitumikia hadi kifo chake.

Hakuoa. Alijulikana kwa unyenyekevu na kwa kuwasaidia maskini. Alifariki akiwa na umri wa miaka 51, baada ya kufanyiwa upasuaji wa tumbo.

Kazi

Wakati huo simu ziliunganishwa kwa mkono kwenye swichibodi. Laini zikiwa chache, wateja walikosa huduma. Zikiwa nyingi mno, gharama ilipotea bure. Mwaka 1909 Erlang alionyesha kwamba simu zinazopigwa bila mpangilio hufuata mtawanyo wa Poisson. Mwaka 1917 alitoa kanuni za kukokotoa sehemu ya simu zitakazokosa laini na muda wa kusubiri.

Kwa mfano, tuseme kata za Mnazi na Lunguza, wilayani Lushoto, kila moja ina laini 2 na hupata wastani wa simu 20 kwa saa, kila simu ikichukua wastani wa dakika 3. Kwa kanuni ya Erlang, simu 1 kati ya 5 itakosa laini. Laini zote 4 zikitumiwa kwa pamoja na kata zote mbili, zitakazokosa ni chini ya 1 kati ya 10, ingawa hakuna laini iliyoongezwa. Sababu ni kwamba mara nyingi upande mmoja ukiwa na msongamano, upande mwingine una nafasi.

Vivyo hivyo katika benki au zahanati: foleni moja inayohudumiwa na madirisha yote haiachi dirisha moja wazi huku watu wakisubiri kwenye lingine.

Urithi

Mwaka 1946 jina lake lilipewa kipimo cha matumizi ya simu: erlangi 1 ni sawa na laini moja inayotumika mfululizo kwa saa nzima. Lugha ya programu ya Erlang, iliyobuniwa katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi, ina jina lake pia. Kanuni zake bado hutumika kupanga mitandao ya simu na vituo vya huduma kwa wateja.