Maisha ya Samora Machel, Mwuguzi

Watu wengi walijuao jina la Samora Machel humfikiri kuwa askari, na Rais wa kwanza wa Msumbiji. Watu wa Nachingwea, na jirani zao wa Ruangwa, wana sababu ya kumjua kuliko wengine, kwa kuwa jeshi lake lilikaa katika nchi yao karibu miaka kumi. Lakini kabla ya kushika bunduki alishika bendeji na sindano, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwauguza wagonjwa. Habari hiyo yafaa ijulikane, hasa na wale walio na ndugu au binti afanyaye kazi hiyo.

Samora Moisés Machel alizaliwa tarehe 29 Septemba 1933, katika kijiji cha jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji, karibu na mto Limpopo. Wakati ule nchi yote ilikuwa chini ya Wareno. Baba yake alikuwa mkulima mwenye bidii, mwenye ng'ombe na jembe la kukokotwa. Walakini mazao ya mtu mweusi yalinunuliwa kwa bei ndogo kuliko mazao ya mzungu, hata yakiwa ya namna moja. Baadaye ardhi nzuri ya bonde lile ilitwaliwa, wakapewa walowezi wa Kireno. Jamaa zake kadha wa kadha walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na ndugu yake mmoja akafa huko katika ajali ya mgodi.

Kijana Samora alisoma katika shule ya misheni ya Kikatoliki. Wazazi wake walikuwa Waprotestanti, lakini ili apate ruhusa ya kufanya mtihani wa darasa la nne ilimbidi abatizwe Mkatoliki. Neno hilo lilimwuma, wala hakulisahau. Walimu wake walitaka aendelee na masomo ya dini, lakini yeye alichagua uuguzi. Wakati ule kazi za elimu alizoweza kupata mtu mweusi katika nchi ya Wareno zilikuwa chache mno: ualimu, ukasisi, ukarani mdogo na uuguzi.

Basi mwaka wa 1954 alikwenda Lourenço Marques, mji uitwao sasa Maputo, akaanza kujifunza katika hospitali ya Miguel Bombarda. Njia yake haikuwa nyepesi. Mchana alitumika hospitali kwa mshahara mdogo, na usiku alikwenda shule kwa fedha zake mwenyewe, ili apate elimu ambayo hakupewa utotoni. Baadaye alitumwa pia kwenye kisiwa cha Inhaca, kilicho mbele ya mji ule, akawahudumia watu wa huko.

Kila aliyewahi kulazwa aijua kazi ya mwuguzi, lakini hujua sehemu tu. Mwuguzi huosha vidonda ambavyo jamaa wa mgonjwa hawawezi kuvitazama. Humgeuza aliyelala siku nyingi, ili mgongo wake usioze. Katika miaka ile sindano zilichemshwa, zikatumiwa tena, na bendeji zikafuliwa. Mtu akifanya uvivu usiku mmoja, wagonjwa watano huambukizwa. Zamu ya usiku ni ndefu. Mgonjwa hulia, na dawa hakuna, na mwuguzi ndiye asimamaye mbele yake na kulaumiwa. Tena hulazimika kuingia kwa mgonjwa wa pili na uso mwema, hali wa kwanza amekufa mikononi mwake sasa hivi. Malipo yake makubwa hayamo katika bahasha ya mshahara. Humwona mama akienda nyumbani kwa miguu yake, amebeba mtoto aliyeletwa hana nguvu ya kulia.

Samora aliyaona hayo yote, akaona na jambo jingine. Katika hospitali ile watu waliuguzwa kwa kufuata rangi na fedha, na wauguzi weusi walilipwa chini ya wauguzi weupe kwa kazi ile ile. Aliona ya kuwa mbwa wa tajiri aliweza kupata matunzo kuliko kibarua aliyeujenga utajiri ule. Alinung'unika waziwazi, akawa miongoni mwa waliodai mishahara iwe sawa. Yeye mwenyewe alisema baadaye ya kuwa fikira zake za siasa hazikuanza katika vitabu; zilianza katika yale aliyoyaona nyumbani kwa baba yake na katika hospitali.

Mwaka wa 1961 Dakta Eduardo Mondlane, mtu wa Gaza kama yeye, aliyekuwa akifanya kazi katika Umoja wa Mataifa, alizuru Msumbiji, nao wakaonana. Polisi wa siri wa Kireno wakaanza kumwangalia yule mwuguzi. Mzungu mmoja mwema, aliyekuwa akiuza dawa mahospitalini, akamwonya ya kuwa yu karibu kukamatwa. Mwaka wa 1963 akatoroka, akapita Swaziland na Afrika Kusini hata Bechuanaland, ndiyo Botswana ya sasa, na huko wapigania uhuru wa Afrika Kusini wakampa nafasi katika ndege yao iliyokuwa ikienda Tanganyika. Alipofika Dar es Salaam alijiunga na FRELIMO, chama cha Mondlane. Angeweza kupewa kazi ya uuguzi, kwa kuwa wenye ujuzi huo walikuwa wachache, lakini aliomba kuwa askari, akapelekwa Algeria kujifunza vita.

Aliporudi alisimamia kambi ya Kongwa, na vita vikaanza tarehe 25 Septemba 1964. Kisha kambi kubwa ikawekwa Nachingwea, mahali pajulikanapo kwa jina la Farm 17. Kongwa na Nachingwea zote mbili zilikuwa nchi za mpango wa karanga, ambao Waingereza waliuanza mwaka wa 1947 kwa mitambo na fedha nyingi, wakauacha mwaka wa 1951. Pale ambapo karanga hazikustawi, sasa walifunzwa Wamakonde, Wamakua, Washangaan na wengine kuishi pamoja. Walijifunza silaha, lakini pia walilima chakula chao, wakajifunza kusoma. Mwaka wa 1967 wanawake wa kwanza, 25 kwa hesabu, walifunzwa hapo Nachingwea. Kazi yao haikuwa ya silaha tu, bali pia kuwatunza majeruhi na yatima wa vita. Waliojeruhiwa vibaya walivushwa Ruvuma, wakapelekwa katika hospitali ya FRELIMO iliyokuwa Mtwara.

Mmoja wa wanawake wale alikuwa Josina Muthemba. Samora alimwoa mwezi wa Mei 1969, miezi mitatu baada ya Mondlane kuuawa Dar es Salaam kwa kitabu kilichofichwa bomu. Walijaliwa mtoto wa kiume. Lakini Josina alikuwa mgonjwa, na tarehe 7 Aprili 1971 akafariki Dar es Salaam, umri wake miaka 25. Mume wake, aliyekuwa amewauguza watu wengi, hakuweza kumponya wake mwenyewe. Siku hiyo ya kufa kwake ndiyo Sikukuu ya Wanawake wa Msumbiji.

Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975, na Samora akawa Rais. Haukupita mwezi mmoja, serikali yake ikatwaa hospitali na shule zote, hata za misheni. Madaktari wengi Wareno walikimbia. Walakini chanjo zilipelekwa nchi nzima kuanzia mwaka wa 1976, na wauguzi wengi walifunzwa na kutumwa vijijini. Mwaka ule ule wa 1976 Rais alikwenda katika hospitali ile ile aliyoitumikia ujanani, akawaagiza watumishi waondoe daraja za wagonjwa, watunze usafi, na wasimdharau mgonjwa maskini.

Hatuna haki ya kuyaficha mengine. Makanisa yaliona taabu katika miaka ile ya kwanza. Wengi walizuiwa au walifungwa, na mambo yakalegea tu baada ya Rais kukutana na viongozi wa dini mwezi wa Desemba 1982. Tena wapinzani wake kadha, walioonyeshwa hadharani kama wahaini huko Nachingwea mwaka wa 1975, waliuawa baadaye pasipo kuhukumiwa katika mahakama ya wazi. Mtu yule aliyejua thamani ya pumzi ya mgonjwa hakuwahurumia wote waliokuwa mikononi mwake. Na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, vikachoma vituo vingi vya afya alivyovijenga.

Tarehe 19 Oktoba 1986, akirudi kutoka Zambia, ndege yake ilianguka Mbuzini, katika nchi ya Afrika Kusini. Alikufa yeye na wenzake 33, na sababu yake ingali yabishaniwa.

Ndugu msomaji, si kila mwuguzi atakayekuwa Rais, wala haifai kila mwenye uchungu ashike bunduki. Lakini jambo lililomsumbua Samora kijana lingali mbele yetu. Mwuguzi wa zahanati ya kijiji, Nachingwea au Ruangwa, apokeapo usiku mama aliyeletwa kwa baiskeli, humwuliza aumwa wapi kabla ya kumwuliza ana nini mfukoni. Afanyaye hivyo amekwisha kujibu swali lililomtoa Samora katika wodi yake. Kwa hiyo tuwaheshimu wauguzi wetu, tusiwatukane dawa zikikosekana, nao wanapodai haki yao tusiwaone kuwa wachoyo.