Theodor Bilharz: Tabibu Aliyegundua Mnyoo wa Kichocho

Ugonjwa wa kichocho huitwa pia bilharzia. Jina hilo limetokana na tabibu mmoja, Theodor Bilharz.

Alizaliwa mwaka 1825 katika mji wa Sigmaringen, Ujerumani. Baada ya kusomea udaktari, mwaka 1850 alifuatana na mwalimu wake, Wilhelm Griesinger, kwenda Misri. Huko alifanya kazi katika hospitali ya Qasr al-Aini, Cairo. Wakati huo watu wengi wa bonde la Mto Nile walikuwa wakikojoa damu, wala sababu yake haikujulikana.

Bilharz alipasua maiti ili kujua chanzo cha maradhi. Mwaka 1851 aliona minyoo weupe ndani ya mshipa wa damu wa tumboni. Alipowachunguza kwa hadubini alikuta ajabu: dume ana mfereji mwilini, na jike mwembamba hukaa ndani yake. Baadaye aliyaona mayai yao katika kibofu cha mkojo. Ndipo ikajulikana damu ile inatoka wapi.

Mwaka 1856 alikuwa profesa hapo Cairo. Mwaka 1862 alisafiri hadi Massawa, akarudi akiwa na homa kali, akafariki akiwa na miaka 37. Hakuwahi kujua mnyoo yule anaingiaje mwilini.

Wengine waliendeleza kazi yake. Mwaka 1911 Ferguson, profesa wa patholojia hapo hapo Cairo, alieleza uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu. Mayai hukwama katika ukuta wa kibofu, hukiumiza kwa miaka mingi, na mwishowe saratani huweza kuota. Mwaka 1915 Leiper alithibitisha kuwa vijidudu hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, kisha hupenya ngozi ya anayeingia majini.

Wanafunzi wapenzi, kichocho kipo Unguja, Pemba na Bara. Mayai hufika majini kwa mkojo wetu wenyewe. Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, basi tushike mafundisho hayo, na tuepuke kuoga katika madimbwi na vijito vyenye konokono. Mwenye kuona damu katika mkojo asione haya. Amwambie mzazi mapema, aende hospitali, kwani dawa ya prazikwanteli ipo na inaponya.