Bateson na siri ya rangi ya farasi

FARASI jike wa rangi ya hudhurungi anapandwa na dume wa rangi hiyo hiyo. Baada ya miezi kumi na moja anazaliwa mtoto mwekundu, mwili mzima pamoja na singa na mkia. Mwenye mali ana haki ya kushtuka. Amelipa ada ya dume lenye jina, na sasa anashindwa kujua kama ni dume hilo kweli lililopanda au ni jingine lililoruka uzio usiku.

Aliyesaidia zaidi kumtoa mfugaji katika mashaka ya namna hiyo ni Mwingereza William Bateson, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mfugaji wa farasi.

Bateson alizaliwa Agosti 8, 1861 katika mji wa Whitby, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkuu wa Chuo cha St John's, Cambridge, na kijana huyo alisoma hapo hapo, akahitimu sayansi ya viumbe mwaka 1883. Baadaye alisafiri hadi nyika za Asia ya Kati kuchunguza viumbe wa kwenye maziwa ya chumvi. Aliporudi alikuwa na swali moja kichwani: kwa nini watoto wa wazazi wale wale hutofautiana?

Mwaka 1894 alitoa kitabu kikubwa kuhusu tofauti hizo. Kilimletea wapinzani zaidi ya fedha. Kwa miaka mingi alijikimu kwa kazi ya kusimamia jiko na ununuzi wa chakula chuoni, huku yeye na mkewe Beatrice wakifuga kuku na kupanda mimea ya majaribio nyumbani kwao Grantchester, nje kidogo ya Cambridge.

Mwaka 1900 mambo yalibadilika. Wataalamu wa mimea wa bara la Ulaya walifufua kazi ya mtawa Gregor Mendel, aliyechapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866 bila kusikilizwa. Mendel alionyesha kwamba kila sifa inabebwa na vitu viwili, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Kimoja kinaweza kutawala na kingine kikajificha, lakini kilichojificha hakipotei. Kinaweza kuibuka kwa wajukuu.

Bateson aliyapokea maelezo hayo kama mtu aliyepata ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. Alisimamia Mendel asomwe kwa Kiingereza, na mwaka 1902 akatoa kitabu cha kumtetea. Mwaka huo huo alionyesha kwa kuku kwamba kanuni hiyo haiishii kwenye mimea. Wanawake wasomi wa Cambridge, akiwemo Edith Saunders, walifanya sehemu kubwa ya majaribio hayo, jambo ambalo vitabu vingi vilichelewa kulitaja.

Katika kuku, Bateson na mwenzake Reginald Punnett waliona kitu kingine. Walipochanganya aina mbili za kuku wenye vilemba vya maumbo tofauti, vifaranga walitoka na umbo la tatu ambalo halikuwepo kwa baba wala kwa mama. Maana yake sifa moja ya kuonekana kwa macho inaweza kutengenezwa na jozi mbili za vitu vya urithi zinazofanya kazi pamoja. Hilo ndilo linaloeleza rangi za farasi, kama itakavyoonekana.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Raphael Weldon, rafiki wa tangu ujana aliyesoma naye chuo kimoja. Weldon aliamini urithi lazima upimwe kwa takwimu za watu na wanyama wengi, na kwamba kanuni za Mendel ni nyepesi mno. Urafiki ulikufa. Mwaka 1904 walibishana hadharani mjini Cambridge mbele ya ukumbi uliojaa.

Kisha zikaja farasi. Charles Hurst, mkulima wa maua ya okidi wa Leicestershire na mshirika wa Bateson, alifungua daftari la ukoo wa farasi wa mbio lililotunzwa na kampuni ya Weatherbys tangu karne ya 18. Humo kila mtoto ameandikwa na baba yake, mama yake na rangi yake. Hurst alihesabu na kukuta kwamba wazazi wawili wekundu huzaa wekundu, karibu wote. Wazazi wa hudhurungi ndio huweza kuzaa rangi zote mbili. Kwa hiyo wekundu ndiyo sifa inayojificha.

Taarifa hiyo ilisomwa mbele ya Royal Society mjini London Desemba 7, 1905. Weldon alisimama akiwa na orodha yake kutoka daftari lile lile: wako watoto wa hudhurungi walioandikwa kuwa wazazi wao wote wawili ni wekundu. Kama hata wachache kati ya hao ni wa kweli, kanuni imeanguka, na pamoja nayo kazi ya Bateson ya miaka mitano.

Hurst alishikilia kwamba hayo ni makosa ya uandishi. Hoja hiyo haikuwa ya ujanja. Mtoto wa farasi huzaliwa na manyoya ambayo hubadilika anapokua, na rangi iliandikwa kwa taarifa ya mwenye mnyama. Mwenye mnyama naye ni binadamu, anaweza kusahau, na anaweza pia kuficha.

Weldon hakukubali. Majira ya baridi yote aliyapitia madaftari hayo, mengine akayabeba hata safarini. Aprili 13, 1906 alifariki kwa homa ya mapafu akiwa na miaka 46, kazi yake ya farasi haijaisha.

Hurst ndiye aliyekuwa sahihi. Mwaka 1996 watafiti walibaini mabadiliko ya jeni moja yanayofanya farasi awe mwekundu, na ni lazima mnyama ayapokee kutoka pande zote mbili. Akipokea upande mmoja tu, hataonekana mwekundu lakini ataweza kuzaa mwekundu. Wawili wa aina hiyo wakipandana, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa mwekundu. Dume asiyebeba kabisa jeni hiyo hatazaa mwekundu hata apandishwe kwa majike wekundu mia.

Jeni ya pili, iliyobainishwa mwaka 2001, huamua weusi ukae wapi: ikiusukuma kwenye miguu, singa na mkia, farasi ni wa hudhurungi, isipofanya hivyo, ni mweusi mwili mzima. Hapa ndipo vilemba vya kuku vinaporudi. Farasi mwekundu anaweza kubeba jeni hiyo ya pili bila kuionyesha, kwa sababu hana weusi wa kusukuma, na ndiyo maana mwekundu akipandwa na mweusi anaweza kuzaa hudhurungi. Rangi ya kijivu ni habari nyingine: hutawala, hivyo haimrukii mzazi. Mtoto huzaliwa na rangi nyingine kisha akapauka mwaka hadi mwaka.

Wafugaji wa ng'ombe wa Friesian wanalijua jambo hili hata bila kumiliki farasi. Ndama mwekundu mwenye mabaka anayezaliwa na ng'ombe weusi wawili husababisha mhamilishaji alaumiwe kwa mbegu mbaya, kumbe wazazi wote wawili walibeba wekundu uliojificha, kwenye jeni ile ile ya farasi.

Bateson ndiye aliyeipa elimu hii jina la jenetiki, mwaka 1905. Mwaka 1910 alipewa kuongoza taasisi mpya ya kilimo cha bustani ya John Innes, huko Merton, Surrey. Lakini mtu aliyepigania jambo jipya alikuwa mgumu kupokea jingine. Thomas Morgan na wenzake wa New York walipoonyesha kwa nzi wa matunda kwamba vitu vya urithi vimo ndani ya kromosomu, Bateson alisita miaka kumi, hadi alipokwenda kujionea mwenyewe mwishoni mwa 1921.

Miaka hiyo ilikuwa mizito nyumbani pia. Mwanawe John aliuawa vitani mwaka 1918, na Martin alijiua mwaka 1922. Aliyebaki alikuwa Gregory, aliyepewa jina la Mendel. Bateson alifariki Februari 8, 1926.

Daftari la Weatherbys bado linatolewa. Siku hizi mtoto wa farasi wa mbio haandikishwi mpaka wazazi wake wathibitishwe kwa kipimo cha vinasaba, na mwenye dume anayetaka kujua kama linabeba wekundu hung'oa nywele chache za singa pamoja na mizizi yake na kuzituma maabara.