Mtemi Mirambo: bunduki zake, baruti ya wengine

 

Ndugu zetu, miezi michache iliyopita tulikuwa Kahama, mkoani Shinyanga, kwa darsa baada ya sala ya Isha. Kijana mmoja anayechimba dhahabu alituuliza suali ambalo tumelisikia pia Unguja: lau Waislamu wangekuwa na ndege za vita zisizo na rubani kama walizonazo mataifa makubwa, si dhulma ingekwisha? Tulimjibu kwa kisa cha mtu ambaye wazee wa Kahama wanamjua, na ambaye sisi wa Unguja tulikua tukilisikia jina lake kama jina la adui.

Alikotoka

Mirambo alizaliwa kiasi cha mwaka 1840, mtoto wa Kasanda, mtemi wa Uyowa, nchi ndogo ya Wanyamwezi magharibi ya Tabora. Jina lake la utotoni lilikuwa Mbula Mtelya. Hili la Mirambo alilipata vitani, na huelezwa kuwa maana yake ni maiti. Alirithi utemi akiwa kijana, akauunganisha na Ulyankulu, kisha akaanza kuzimeza nchi za jirani moja baada ya moja.

Zama hizo chuma cha bara kilitoka kwa wahunzi kama Warongo wa Geita, waliofua majembe na silaha zilizosafiri mpaka Unyamwezi. Bunduki zilitoka pwani, na karibu zote zilipita Unguja. Zilikuwa magobori na gumegume, nyingi zikiwa kuukuu zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya. Kuishindilia moja tu kulikuwa kazi: baruti, kitambaa, risasi, mchokoo, kisha kuombea isizime. Mvua ikinyesha, askari alibaki na fimbo mkononi.

Mirambo aliyaelewa haya kuliko waliomuuzia. Kwa Watuta, Wangoni waliohamia pande za Kahama na Runzewe, alipata washirika na mbinu za vita vya mkuki. Akawakusanya vijana wasio na wake wala mashamba, akiona kuwa hao hawaogopi kufa, akawafanya rugaruga. Kwa kawaida walivamia alfajiri, wakapiga bunduki mara moja, kisha wakaingia kwa mikuki kabla adui hajashindilia tena. Alijua gobori linafaa kwa lipi, na linaishia wapi.

Vita na Waarabu wa Tabora

Mwaka 1871 aliuzuia msafara uliokuwa ukienda Ujiji. Alidai marobota matano ya nguo, bunduki tano na mapipa matano ya baruti. Alipokwisha kupewa, akatangaza kuwa hakuna msafara utakaopita tena nchini kwake. Waarabu wa Tabora wakamwendea kwa silaha nyingi, pamoja nao mwandishi Henry Stanley aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone. Waliuteka mji wa Ulyankulu, wakajitwisha pembe na mateka. Njiani wakarudi wamelemewa na mizigo, na Mirambo alikuwa amewavizia majanini. Wengi waliuawa. Tarehe 22 Agosti akaingia Tabora yenyewe, akamuua Khamis bin Abdallah na kuchoma sehemu ya mji.

Hapa uadilifu unatulazimu tuseme kweli, hata ikiwa juu ya watu wetu. Wazee hao waliposhindwa hawakuwa wachache wa bunduki. Walishindwa na tamaa ya ngawira na mafarakano baina yao, na wengi wao walikuwa wakifanya biashara ya kuuza binaadamu. Mirambo naye hakuwa mtakatifu. Alichoma vijiji, akachukua mateka, na damu ya wasio na hatia imo katika hesabu yake.

Mfungo wa baruti

Vita vilidumu miaka kadhaa. Sayyid Barghash alipeleka askari kutoka Unguja, wasifanikiwe. Lakini Mirambo naye hakuwa huru. Hakuwa na kiwanda cha baruti wala cha mitutu, na njia ya baruti ilipita mikononi mwa mahasimu wake. Ndiyo maana mtu aliyeichoma Tabora alifanya suluhu nayo. Akapeleka pembe na wajumbe kwa Barghash, na mwaka 1879 akamkaribisha Urambo daktari mmisionari wa Kiingereza, Ebenezer Southon. Alitaka njia ya kufika pwani bila ya kupiga magoti Tabora. Mwaka 1880 rugaruga wake waliwaua Wazungu wawili, Carter na Cadenhead, katika vita vya Mpimbwe, na urafiki na Waingereza ukaharibika. Southon mwenyewe alifariki mwaka 1882 baada ya kupigwa risasi kwa bahati mbaya. Silaha haina macho.

Mirambo alifariki tarehe 2 Disemba 1884 kwa maradhi ya koo, katika vita vya Ukune, nchi ya Kahama hiyohiyo tuliyoulizwa suali. Siku kumi na saba kabla yake, mkutano wa Berlin wa kuipangia Afrika masharti ulikuwa umefunguliwa. Na mwaka huohuo, huko London, Hiram Maxim aliitengeneza bunduki ya rashasha iliyojishindilia yenyewe, ikitoa risasi mia kadhaa kwa dakika moja. Mirambo alikuwa amelijua gobori kwa undani, na zama za gobori zikamalizika pamoja naye. Mdogo wake Mpandashalo alirithi, lakini haukupita muda mrefu dola ikapasuka, kwani ilikuwa imefungwa na mtu mmoja. Wajerumani walipokuja, Mtemi Isike wa Unyanyembe alijifungia ngomeni na baruti yake, na Januari 1893 akajilipua nayo.

Jawabu letu

Ndugu zetu, dini yetu haikutuamrisha tuwe dhaifu. Amri ya kuandaa nguvu imo katika Suratul Anfal, na haina utata. Lakini nguvu unayouziwa na mwengine ni kamba iliyo mkononi mwake, na siku akiivuta utaanguka. Ndege isiyo na rubani ni gobori la leo: vipuri vyake, ramani zake na mawasiliano yake viko kwa aliyeiunda. Anayetaka nguvu ya kweli aanze na skuli, karakana, umoja na uongozi usiokufa na mtu mmoja.

Na la pili ni zito zaidi. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuuliwa wanawake na watoto vitani. Kikomo hicho hakibadiliki kwa kubadilika silaha, na dhulma haiwi haki kwa sababu mwenye kidole juu ya kitufe ni wa kwetu. Kijana wetu wa Kahama alinyamaza kidogo, kisha akauliza karakana ianze vipi. Tulifurahi kuwa hilo ndilo suali lake la pili.

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa, na atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Wallahu a'lam.