APOLO KIVEBULAYA: AHADI ALIYOISHIKA

Mwezi huu tumkumbuke Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alitoka Toro akavuka kwenda Mboga, Kongo, kuhubiri Injili. Huko alipigwa na kufungwa kwa shitaka la uongo. Baadaye chifu Tabaro, aliyemtesa, naye alibatizwa.

Mchumba wake alifariki, naye hakuoa. Kazi ilimrudisha Toro kwa miaka mingi, lakini Mboga hakuisahau. Alirudi kuwatumikia, akafia huko mwaka 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, si upande wa kwao Buganda.

Tuone alivyochagua. Aliachilia yaliyokuwa yake mwenyewe, nyumba na kwao. Akaishika ahadi ambayo wengine waliitegemea.

Sisi wakimbizi hapa Rusizi, tunaoitazama Kongo ng'ambo ya mto, tulikimbia na ahadi nyingi. Zote hatuziwezi. Karamu na nyumba kubwa tulizojipangia, tuziache bila aibu. Lakini deni la jirani, yatima tuliyempokea, mgonjwa anayetungojea, hao tusiwaache. Bwana atusaidie. Amina.