Maisha ya Sir Apirana Ngata, Mbunge wa Wamaori

Katika nchi ya Nyuzilandi, mbali sana kusini mwa dunia, wapo wenyeji waitwao Wamaori. Mwaka 1840 wakuu wao walifanya mkataba na Malkia wa Uingereza mahali paitwapo Waitangi. Mmishonari wa CMS, Henry Williams, na mwanawe Edward waliufasiri kwa Kimaori kwa usiku mmoja tu. Sisi tuliofundisha lugha twajua hatari ya kazi ya haraka namna hiyo. Maandishi ya Kiingereza yalisema wakuu wanamtolea Malkia enzi yote. Ya Kimaori yalisema wanampa uongozi wa serikali, nao wanabaki na ukuu wao juu ya ardhi na vijiji vyao. Wakuu zaidi ya 500 walitia sahihi, karibu wote kwenye maandishi ya Kimaori. Ugomvi juu ya maneno hayo haujaisha hata leo.

Ndimo alimozaliwa Apirana Ngata, tarehe 3 Julai 1874, huko Te Araroa, katika kabila la Ngati Porou. Alisoma Te Aute, shule ya Kanisa la Anglikana, kisha Christchurch. Mwaka 1893 akawa Mmaori wa kwanza kupata shahada katika chuo kikuu cha nchi yake. Baadaye alisoma sheria.

Mwaka 1905 Wamaori wa mashariki walimchagua mbunge. Hapa sharti nieleze uchaguzi wenyewe ulivyokuwa. Tangu 1867 sheria iliwapa Wamaori viti vinne. Ngata alipoingia, Bunge zima lilikuwa na viti 80. Tena Mzungu alipiga kura ya siri tangu 1870, bali Mmaori alisimama mbele ya msimamizi, akataja kwa kinywa chake jina la amtakaye. Fikiri, msomaji, mtu akitaja hivyo na jamaa za mgombea mwingine wanasikia! Kura ya siri haikuwafikia Wamaori hadi 1938.

Mwaka 1922 Ngata aliandika kitabu kidogo kuueleza Mkataba kwa Kimaori. Aliwaambia watu wake wazi kwamba wakuu walikwisha kutoa enzi, basi haki zao wazitafute kwa njia ya sheria na Bunge. Wengine hawakukubali, hasa wafuasi wa nabii Ratana, waliotaka Mkataba wenyewe utiwe katika sheria za nchi. Kwa maoni yangu Ngata alifuata mno Kiingereza cha Mkataba, naye alikuwa bingwa wa Kimaori.

Mwaka 1928 akawa Waziri wa Mambo ya Wenyeji, akatumia fedha za serikali kustawisha mashamba ya Wamaori. Hakuwa na subira na karatasi za ofisi. Tume ililaumu usimamizi wa fedha hizo, naye akajiuzulu uwaziri mwaka 1934, lakini ubunge hakuuacha. Mkataba ulipotimiza miaka 100, tarehe 6 Februari 1940, aliongoza ngoma ya haka pale Waitangi, kisha akawaambia wakubwa wa serikali bila kuwaficha kwamba ardhi imekwenda na nguvu za wakuu zimeshushwa.

Mwaka 1943, baada ya miaka 38 bungeni, alishindwa na Tiaki Omana, mfuasi wa Ratana. Wapiga kura wakati huo hawakutaja tena majina kwa sauti. Mzee aliendelea na kazi ya kusahihisha Biblia ya Kimaori, akafariki tarehe 14 Julai 1950 huko Waiomatatini. Mwaka uliofuata Wamaori walipiga kura siku moja na Wazungu, kwa mara ya kwanza.